Kumrudisha Mama Kibakwe kwa Gari Lisilo na Moto

Tangu nirudi nimeulizwa na wengi, ofisini, kanisani, hata na jirani yangu hapa Ipagala ambaye siku zote tunasalimiana juu ya ukuta tu na kuendelea na shughuli zetu. Ilikuwaje mkalala njiani? Ilikuwaje ukarudi peke yako, wewe ambaye hata kwenda Chamwino unatafuta mtu wa kukuendesha? Kila mmoja nimempa kipande. Sasa naandika yote mara moja, kwa sababu kuyasema kwa mdomo kunanichosha.

Ipagala

Mama ninayemzungumzia ni mama mkwe wangu, mama yake marehemu Elia. Elia alipofariki, mama alikuwa kwake Kibakwe, mwenye nguvu zake, analima maharage na vitunguu. Baadaye ndipo tumbo lilipoanza. Nikamleta kwangu ili atibiwe mjini, akakaa nami na wajukuu wake wawili, Neema na mdogo wake, mpaka daktari aliponiita pembeni akaniambia saratani imeshafika kwenye ini, na dawa iliyobaki ni ya kupunguza maumivu tu.

Sikumficha. Alinisikiliza amefumba macho, kisha akasema kwa Kiswahili chake kile cha kupima kila neno, maana lugha yake ni Kigogo:

"Basi nirudishe kwangu. Kule nina neno la kusema, na nitalisema kwa mdomo wangu."

Neno nililijua. Elia alikuwa na shamba bondeni, karibu na kijito, mahali ambapo hata kiangazi udongo una unyevu. Alipofariki, mdogo wake Yohana akaanza kulilima. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyesema ni lake. Mama alitaka kukaa mbele ya wazee wa ukoo aseme kwamba shamba lile ni la watoto wa Elia. Mimi nisingeweza kulisema mwenyewe likasikilizwa. Natoka Songea, na kule Kibakwe mpaka leo kuna wanaoniita mgeni.

Basi la abiria hakuweza kulipanda kwa sababu kukaa kulimuumiza. Tukabaki na gari la Elia, lililo na umri mkubwa kuliko ndoa yetu, la kabureta, refu, lenye nafasi nyuma. Tuling'oa viti, tukatandika godoro. Yohana alikuja kutoka Kibakwe kutuendesha. Ni mtu mkimya, mikono mikubwa, anajua magari kiasi cha mtu aliyekulia nyumba yenye gari bovu. Wanangu niliwaacha kwa jirani. Neema alimpa bibi yake kofia ya sufu, kwa sababu upepo wa Dodoma msimu ule unapenya mpaka kwenye mifupa, akamwambia, "Bibi, ukipona utarudi." Mama akaivaa hapo hapo.

Tulitoka asubuhi. Nilikaa nyuma pamoja na mama, na chupa ya uji, beseni na mablanketi.

Njia ya Chamwino

Tulikuwa bado hatujaipita Ihumwa vizuri injini ikakohoa. Si kikohozi cha kuzima. Ilishtuka tu, kama mtu aliyekwaa mguu, ikaendelea. Kwenye kilima kilichofuata Yohana alipokanyaga mafuta ikashtuka tena, mara kadhaa. Alipopunguza, ikatulia.

"Mafuta machafu haya," akasema.

Kila mshtuko ulipita kwenye godoro ukamfikia mama. Hakulalamika. Alishika ukingo wa dirisha kwa vidole, na nikajua maumivu yamezidi kwa jinsi vidole vilivyokuwa vinabadilika rangi.

Chamwino tulisimama. Yohana akafungua chujio la mafuta, akalipuliza, akalirudisha. Mimi nilinunua chai na chapati, nikala nimesimama, nikijiona mbaya kwa kula mbele ya mtu ambaye uji tu ulimshinda. Nilimlowesha midomo kwa kijiko. Akaniuliza kama tumeshapita Mbande. Nikamwambia bado. Akauliza tena baada ya muda mfupi, nami nikamjibu vilevile.

Mbande, na baada ya Mbande

Kwa asiyeijua njia ile: ukitoka Dodoma kwenda Kibakwe unafuata barabara ya Dar es Salaam mpaka Mbande, pale unakata kulia kwenda Kongwa, kisha Mpwapwa, kisha unashuka Gulwe na kupanda vilima. Sisi gari lilizima kabla hatujaiona Mbande. Halikukohoa safari hii. Lilinyamaza tu, tukabaki tunaserereka na sauti ya matairi peke yake, mpaka Yohana akaliingiza pembeni kwenye mchanga.

Alichomoa bomba la kabureta. Petroli ikatiririka safi kabisa.

Elia alikuwa na maneno yake alipokuwa anatengeneza gari hili uani kwetu, nami nimekaa kwenye ngazi nachambua mchele. Alisema injini haina mambo mengi, inataka mafuta, hewa na moto, na kama mafuta yapo usipoteze muda kuyaangalia tena. Nikashuka nikamwambia Yohana:

"Shemeji, mafuta yapo. Tuangalie moto."

Alinitazama kidogo. Akafungua plagi moja, akaivika waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini. Nami nikazungusha ufunguo huku nimechungulia. Cheche ilitoka, nyembamba, ya njano, kama kiberiti kilicholowa. Ya pili ikawa dhaifu kuliko ya kwanza. Halafu hakuna.

"Moto mdogo," akasema. "Plagi haziwezi kuchoma hivi."

Magari yalipita. Wengine walipunguza mwendo wakaangalia, wakaona mtu amelala nyuma amefunikwa, wakaongeza mwendo. Lori tupu lilisimama hatimaye, linakwenda Kibaigwa kupakia mahindi. Dereva alishuka na kamba, akaja mpaka dirishani. Alipoona godoro, akavua kofia yake.

"Poleni sana. Marehemu ni nani kwenu?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akafumbua macho.

"Mbukwenyi," akamsalimia kwa Kigogo.

Yule baba alirudi nyuma hatua nzima. Mama akamtazama bila kucheka. "Mimi bado, mwanangu. Tuvute."

"Shikamoo, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nisamehe. Mimi nikivuta maiti nakosa amani safari nzima. Ndiyo maana niliuliza."

"Marahaba. Huyu aliyelala hapa anasikia kila kitu."

Mbande hapakuwa na fundi wa umeme wa gari, palikuwa na wa pancha tu. Dereva akasema Kibaigwa, kwa sababu ya malori, mafundi wamejaa. Basi tukavutwa. Tulipoifikia njia panda mama aliinua kichwa akaona kibao cha Kongwa kinapita upande wake wa kulia na sisi tunaendelea mbele.

"Mbona tumepita?"

Nikamweleza. Alilala tena, akageuzia uso kwenye mlango.

Kibaigwa

Mahindi yalikuwa yamevunwa, na Kibaigwa ilikuwa imejaa mpaka pembeni mwa barabara. Malori yamepangana, wabebaji wanapita na magunia mabegani, vumbi la pumba linaelea, madalali wanakimbilia kila gari linaloingia. Mmoja alifika kwetu kabla hata kamba haijafunguliwa. Alichungulia kwenye kioo, akaona blanketi limeinuka.

"Mama, umeficha mzigo gani? Karanga? Ufuta? Nionyeshe, bei naipata sasa hivi."

Akavuta ncha ya blanketi. Akakutana na mguu wa mama, umevimba, ngozi inang'aa. Aliurudishia blanketi taratibu kama anayefunika mtoto, akaondoka, na madalali wengine hawakuja tena. Nadhani aliwaambia.

Fundi tuliyeelekezwa aliitwa Shabani. Alikuwa na malori mawili yanamsubiri na muda wake ulikuwa mdogo. Alishika koili, ile inayozalisha moto wa plagi, akaona inachoma mkono, akasema hii imechoka, ikipata joto inakufa. Lilikuwa jambo la kuaminika. Akatafuta nyingine kwenye gari lililong'olewa vipuri nyuma ya kibanda chake, akaifunga. Plagi ikatoa cheche ya bluu yenye kishindo, injini ikaunguruma. Alipokanyaga mafuta nikasikia ule mshtuko, mdogo sana.

"Bado inashtuka," nikasema.

"Hiyo itakaa sawa ikitembea, dada."

Alikuwa ameshageukia lori.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, mama lishe wa pale jirani alituletea maji ya moto na kitambaa. Hakuuliza mengi. Tulimfuta mama uso na shingo, tukamgeuza upande wa pili, na alipogeuzwa alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Yule mama lishe akaniambia niende nikale, yeye atakaa naye. Nikala wali na maharage sikuhisi ladha.

Nilipokuwa nakula ndipo nilipomwona Yohana amesimama nyuma ya mizani ya magunia, simu sikioni, anaongea Kigogo. Kigogo changu ni kidogo, lakini kuna maneno nayajua. Nilisikia "mgunda", yaani shamba, mara mbili. Aliponiona akakata simu.

Kuanzia pale nilianza kumtazama kwa namna nyingine. Ni nani aliyesema mafuta ni machafu? Ni nani aliyekuwa peke yake na gari lile jana yake jioni, amefungua boneti, anasema analikagua? Ni nani angenufaika mama akichelewa? Sikupenda mawazo hayo, lakini yaliingia yakakaa.

Kongwa hadi Mpwapwa

Tulirudi Mbande, tukakata Kongwa. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, mama akasinzia. Baada ya Kongwa, barabara ilipoanza kuinuka, likazima.

Likawaka. Tukaenda kidogo, likazima. Ikawa ndiyo safari yetu. Likisimama na kutulia linawaka kama halina ugonjwa, Yohana akikanyaga mafuta kupanda linakata moto. Alifungua boneti, akakaza kila waya alioweza kuukaza, akafuta nyaya za plagi kwa kitambaa, akasugua ncha za plagi kwa msasa. Nilisimama karibu yake kila alipoinama. Aliona.

"Unataka kuona nini, shemeji?"

"Nataka kuona tu."

Jua lilikuwa linazama tulipoingia Mpwapwa, na kupanda Kibakwe kwa gari lile kusingewezekana. Tukapata nyumba ya wageni yenye chumba cha chini ambacho tuliweza kumwingiza mama kwa kumbeba na godoro lake. Kwikwi ilikuwa imemwanza, haikati. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ukitaka kumsikia ni lazima uiname. Aliniuliza kama wazee wameambiwa. Nikamwambia wameambiwa, wanamsubiri.

Nikamfuata Yohana barazani. Alikuwa anakula chipsi mayai kwenye mfuko wa plastiki.

"Niambie ukweli," nikamwambia. "Wewe unataka tufike?"

Aliacha kutafuna. "Unauliza nini?"

"Nauliza hivyo hivyo nilivyouliza."

"Unafikiri naharibu gari la kaka yangu? Mama yangu amelala mle ndani, nimzuie njiani?"

"Nilikusikia Kibaigwa. Mlikuwa mnaongea habari ya shamba na nani?"

Aliukunja mfuko wa chipsi. Kisha akasema alikuwa anaongea na mkewe kuhusu vitunguu, vimefikia kung'olewa na vibarua hawajaja. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni akauweka mezani mbele yangu.

"Kaa nao. Na gari lilale karibu na dirisha lako."

Niliuchukua. Sioni haya kusema niliuchukua.

Gulwe na vilima

Asubuhi mama alikuwa hai, hilo ndilo nililokuwa naliangalia kila nilipofumbua macho usiku. Alikuwa na baridi mikononi. Tulimpakia tukashuka Gulwe, tukavuka mto ambao msimu ule ni mchanga mtupu, wanawake wamechimba visima katikati yake wanachota maji kwa vikombe. Ng'ambo ya pili vilima vinaanza.

Tulipanda kilima cha kwanza kwa kubembeleza gari. Cha pili tulikipanda nusu, likazima, na safari hii halikuwaka. Mtandao wa simu hapakuwa nao. Hakuna gari lililokuwa mbele wala nyuma yetu. Upepo ulikuwa mkali unapiga ubavu wa gari mpaka linatikisika.

Chini kidogo ya barabara kulikuwa na tembe, na mama mmoja wa makamo akatoka akaja kutuangalia. Yohana alimweleza kwa Kigogo. Alirudi akaja na ugali wa uwele na bakuli la mlenda, akaketi ukingoni mwa godoro akamlisha mama kwa kidole, mlenda mtupu, kidogo kidogo. Mama alimeza. Tangu Dodoma hakuwa amemeza kitu kama kile. Walisemezana maneno machache kwa sauti ya chini, wakajuana mpaka ukoo. Kisha yule mama akasema mbuzi wake wameingia korongoni, akatuaga akaenda zake, akatuachia bakuli.

Yohana alikuwa ameshafungua boneti. Nilimpa ufunguo, akaukataa.

"Zungusha wewe. Mimi niangalie. Leo tutakwenda hatua kwa hatua."

Alichomoa waya mnene unaotoka kwenye koili, akaubana kwa kijiti kikavu karibu na chuma. Nikazungusha. Cheche ikaruka, ya bluu, yenye mlio.

"Koili nzima," akasema. "Fundi alitubadilishia kitu kizima."

Akaurudisha. Akafungua kofia ya distribyuta, inayogawa moto kwa kila plagi, akatazama ndani, hakuna ufa, hakuna unyevu. Akafuta kila kitu, akaniambia nizungushe tena huku waya mnene upo pembeni. Cheche ikaruka. Akaonekana kukata tamaa. Kisha, kwa kufikiri au kwa bahati, akaingiza kidole akasukuma kile kibao cha ndani ya distribyuta ambacho hujizungusha kidogo gari linapokanyagwa mafuta.

Cheche ikakatika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasukuma, hakuna moto. Akaachia, moto ukarudi. Mara tatu, nne. Tulitazamana. Akashika kiwaya chembamba, chekundu, kinachopeleka umeme kwenye kile kibao, akakivuta taratibu. Kikarefuka kama mpira. Ganda lake lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo, lakini shaba ya ndani ilikuwa imekatika, ncha mbili zinagusana na kuachana. Kwenye tambarare zinagusana. Ukipanda kilima, kibao kinageuka, zinaachana.

"Hiki kimechoka chenyewe," akasema bila kuniangalia. "Miaka yote hii kinakunjwa na kukunjuliwa. Hakuna mtu angeweza kukikata hivi kwa mkono."

"Nimeona, shemeji," nikasema. "Nisamehe."

Alifungua spika ya redio mlangoni, akakata kipande cha waya laini, akaanza kukimenya kwa meno.

Alikuwa ameinama akikifunga ndipo mama alipotuita. Aliita jina langu, Mama Neema, kisha la Yohana. Injini imezimwa, upepo ulikuwa umetulia kwa muda ule. Nilipanda nikapiga magoti pembeni yake. Yohana aliinua kichwa, akasimama wima kando ya boneti, mikono imejaa weusi.

"Sauti inaniacha," mama akasema. "Nalisema hapa hapa. Shamba la bondeni ni la Elia. Elia hayupo, ni la watoto wake. Wewe Yohana una la mlimani, nilikupa mimi mwenyewe. Usimnyang'anye kaka yako aliye kaburini."

Alipumzika. Nilimfuta mdomo.

"Umesikia?"

Yohana alikuwa anaangalia kile kiwaya mkononi.

"Nimesikia, mama."

"Sema tena."

"Nimesikia."

Akafumba macho. Yohana akarudi kuinama. Alipomaliza aliniambia nizungushe, na gari likawaka. Alikanyaga mafuta tukiwa tumesimama, kisha akakanyaga tena zaidi. Halikushtuka hata kidogo. Tulipanda vile vilima kama gari jipya, na mimi huku nyuma nimeshika mkono wa mama, nikamwambia tunafika, tunafika. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika kwenye mto kwa kufuata barabara.

Kibakwe

Tulikuta uwanja umejaa. Wanawake walimpokea kwa kumbeba mikononi mpaka chumbani kwake. Macho yake yalikuwa wazi, aliwatambua watu, nina hakika, kwa sababu yalimfuata kila aliyeingia. Baba mkubwa Mathayo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliwaita wazee wengine wakaketi kwenye viti kuzunguka kitanda. Akamwinamia.

"Tumekuja, shemeji. Ulisema una neno."

Midomo ilicheza. Baba mkubwa akaweka sikio karibu kabisa. Akangoja. Wote tulingoja. Kilichotoka ni pumzi tu. Mama alijaribu tena, na tena, shingo ikikaza, mpaka mwanamke mmoja akaanza kulia akaomba aachwe apumzike. Macho yake yalinitafuta, yakanipata, yakaenda kwa Yohana aliyekuwa amesimama mlangoni. Yakakaa pale.

Nilitaka kulisema saa ile. Nikaona si heshima kumsemea mtu aliye hai mbele ya kitanda chake.

Alifariki kesho yake, jua likiwa limeshapanda, nimemshika kichwa, kofia ya sufu ya Neema bado anayo. Tulimzika nayo. Mchungaji alihubiri muda mrefu, na baridi ya kule milimani ilikuwa kali, watu wamejifunika mablanketi makaburini.

Matanga yalipoanuliwa kikakaa kikao cha ukoo. Nilipopewa nafasi nilisimama nikaeleza: tulikuwa wapi, gari lilikuwa na tatizo gani, mama aliita nani, alisema nini, neno kwa neno. Walinisikiliza vizuri. Hakuna aliyenikatiza. Nilipoketi, baba mkubwa akamgeukia Yohana.

"Shemeji yako anasema ulikuwepo. Mama alisema hivyo?"

Yohana alikuwa amekaa kwenye gogo, ameweka viwiko magotini. Mikono yake ilikuwa bado na weusi wa grisi kwenye kucha. Aliitazama hiyo mikono.

"Nilikuwa nimeinama kwenye injini, baba," akasema. "Sikusikia."

Nilimwita jina. Hakuinua uso. Nikasema tena mbele ya wote kwamba alijibu, kwamba mama alimwambia arudie na akarudia. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba msiba unamchanganya mtu, na safari ile ilikuwa ndefu. Wakaamua Yohana aendelee kulitunza shamba la bondeni mpaka hapo watoto watakapokua, ndipo ukoo utakaa tena uangalie. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kikao kikafungwa kwa sala.

Kurudi

Walinishauri ningoje gari la mtu anayekwenda Mpwapwa. Nikasema nitaendesha mwenyewe. Sikuwa nimewahi kushuka vilima vile nikiwa kwenye usukani, lakini kukaa siku moja zaidi uwanjani pale niliona ni kugumu kuliko vilima.

Niliviringisha godoro nikalifunga kamba. Nilipokuwa nimeshaketi, Yohana akaja kutoka upande wa zizi. Alisimama dirishani, akashika mlango kwa mikono miwili kama anayetaka kulizuia gari lisiondoke. Nilidhani anakuja kusema. Nilingoja. Nilimpa muda wote aliouhitaji.

"Ile waya niliifunga kwa haraka, shemeji," akasema. "Ukifika Mpwapwa mwambie fundi aichomelee vizuri. Isije ikakuacha njiani."

"Nimesikia," nikamwambia, nikawasha gari.